Muhuri wa Mama Kamusi

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba, mkutubi wa shule yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Ana jina lake kamili kwenye orodha ya wafanyakazi, lakini kwetu wanafunzi ni Mama Kamusi, kwa sababu ukimuuliza maana ya neno anakuonyesha rafu kwa kidole na kuendelea na kazi yake.

Alipoanza, maktaba ilikuwa makabati mawili katika chumba cha walimu. Leo ina vitabu elfu nne, na vingi amevishona upya kwa mkono wake. Katika mwaka wake wa kumi na tisa kazini, ngazi iliteleza akaangukia mgongo. Alifanyiwa upasuaji, akarudi baada ya muhula mmoja. Maumivu nayo yalirudi naye, na hayajaondoka tangu hapo. Asubuhi nyingi tulimkuta ameshachoka kabla ya kengele ya kwanza, ameshika meza kwa mikono miwili akijiandaa kuinuka.

Daktari alimwandikia vidonge vikali, vya aina ambayo mwili huizoea na kuidai. Mama Kamusi alivifungulia kadi, kama kitabu. Vilikaa kwenye droo yenye kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni. Kila siku saa nne asubuhi alimeza kimoja, akagonga kadi kwa muhuri uleule wa tarehe wa kuazimishia vitabu. Baada ya hapo hakupanda ngazi, maana vilimletea usingizi. Maumivu yalipozidi hakujiongezea dozi. Alimpigia daktari simu, akasubiri, akanuna.

Mwalimu wa michezo, ambaye goti lake linajulikana shule nzima, aliwahi kumbembeleza ampe kimoja. Alimlalamikia kwamba anaazimisha hata atlasi, iweje abanie kidonge. Mama Kamusi alimjibu kwamba atlasi hurudi, na kwamba daktari aliyeandika dawa ile hajawahi kuliona goti hilo. Mwalimu alichechemea hadi zahanati, akipewa pole na darasa zima.

Kisha ikaja Jumanne moja ya wiki ya mitihani. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakuwa amelala kwa maumivu, na asubuhi alisahau kuzungusha gurudumu la tarehe la muhuri. Muhuri ulibaki kwenye tarehe ya Jumatatu. Mchana, mgongo ukimwaka, alitazama kadi akaona Jumanne haina alama. Akaamini amesahau dawa. Alikuwa ameshafungua droo na kidonge kiko kiganjani, wakati msichana wa kidato cha kwanza alipokuja kulalamika: kitabu alichoazima asubuhi ileile kimegongwa tarehe ya jana, kwa hiyo anapunjwa siku moja.

Mama Kamusi alitazama kitabu, akatazama kadi tena. Jumatatu ilikuwa na alama mbili. Alikirudisha kidonge, akafunga droo, akakaa chini. Msichana alipewa siku mbili za ziada na hakujua kwa nini.

Jioni alikwenda mwenyewe kumweleza mfamasia, kwa aibu, jinsi alivyokaribia kumeza dozi mbili. Alirudi na kiboksi chenye vyumba vya siku saba. Tangu hapo dawa ilitoka kwenye kiboksi, kadi ikagongwa muhuri, na saa ikaandikwa kwa kalamu. Kisa hiki ametusimulia mwenyewe, na ameruhusu kiandikwe hapa. Alisema aliyechoka asiiamini kumbukumbu yake, aiamini kadi.

Wiki iliyopita alipeleka famasi vidonge vya zamani ambavyo daktari alikwisha kumbadilishia, ili viharibiwe huko. Jana alimkabidhi mkutubi mpya funguo zote isipokuwa ule wa shingoni, anaokwenda nao nyumbani pamoja na kufuli lake, kwa ajili ya dawa. Droo ilikuwa tupu na imefutwa vumbi.

Mama Kamusi, asante kwa vitabu ulivyovishona, na kwa kutuvumilia siku ambazo hata kukaa kulikuwa kazi. Tunajua mgongo haustaafu leo pamoja nawe. Ndiyo maana hatukukununulia saa ya ukutani kama wastaafu wengine. Shule imekupa ule muhuri wa tarehe, uende nao nyumbani. Tumehesabu miaka iliyobaki kwenye gurudumu lake: ni minane. Tunakuombea uizungushe yote, asubuhi baada ya asubuhi, kisha uje kutudai muhuri mwingine.