Ubeti wa Tatu wa Shangazi Cherehani

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi wengi ambao hatuwafahamu kwa sura lakini mmekuja mkilia kama wafiwa, poleni, maana nanyi ni wafiwa. Mimi ni mdogo wa marehemu, kitinda mimba wetu, niliyebebwa mgongoni mwake mpaka miguu yangu ikawa inamgonga magoti, na nimepewa kazi ya kusoma historia yake, kazi ambayo ningemwachia mtu mwingine yeyote kama angepatikana.

Dada yetu, mliyemjua redioni kwa jina la Shangazi Cherehani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba fundi viatu na mama muuza mkaa. Alianza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza mwaka 1965, na huko alifukuzwa kwaya mara mbili, si kwa ubaya wa sauti, bali kwa kubadilisha maneno ya nyimbo kila alipoona yaliyoandikwa hayana ladha. Baba alipoanza kuugua masomo yakaishia hapo, naye Februari 1968 akaingia kazini katika karakana ya kushona sare za shule, meza ya pembeni karibu na dirisha, na hapo ndipo nyimbo zilipoanza kumtoka, kwa mwendo wa mguu wake kwenye pedali, wenzake wakimwitikia, msimamizi akifoka, mpaka msimamizi huyo alipoona kola zinakamilika haraka kuliko zamani, akafyata ulimi.

Agosti 1974 mtayarishaji wa kipindi cha watoto redioni alikuja karakanani kupunguziwa suruali, akamsikia, suruali akaisahau. Siku ya kurekodi, dada alisimama mbele ya maikrofoni akapotea kabisa, hakuweza kushika mwendo bila pedali, fundi mitambo akalalamika kwamba mama huyu anapiga sakafu kwa kiatu, ikabidi wenzake wailete cherehani yake studio kwa mkokoteni. Ile tiki-tiki-tiki mliyoisikia utotoni, ambayo karibu nyote mliamini ni treni, ni cherehani. Mtangazaji mmoja aliwahi kusema hewani kwamba ni treni, tukamwambia dada amsahihishe, akakataa, akasema, "Mwacheni, watoto wameshapanda."

Yule fundi mitambo mlalamishi ndiye aliyemwoa, tarehe 17 Desemba 1977, wakaishi kwa kutaniana na kupendana hadi shemeji yetu alipotutoka mwaka 2003. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1980, ndiye huyu aliyeketi mbele yenu, na ndiye aliyetungiwa ule wimbo wa kulala ambao nyote mliimbiwa, na mkawaimbia wanenu.

Mnajua beti mbili za wimbo huo, kwa sababu ni mbili tu zilizorekodiwa, na kwa miaka yote hiyo watu wamemuuliza dada, sokoni, kwenye foleni, hata siku ya mazishi ya mumewe, kwamba mbona unakatika ghafla. Upo ubeti wa tatu, ila dada hakuutoa redioni, kwa maelezo kwamba ule si wa mtoto, ni wa mama, huimbwa mtoto akishalala, usipousikia ujue umelelewa vizuri. Binti yake aliujua kwa ujanja, alikuwa akijifanya amelala, kope zikimchezacheza, na mama mtu akiona kabisa kwamba anadanganywa, akauimba hivyo hivyo.

Dada alistaafu Machi 2006. Mwezi Mei 2023 aligundulika kuwa na uvimbe kooni, akafanyiwa upasuaji tarehe 11 Julai, uhai ukabaki, sauti ikaondoka. Naomba mnivumilie kidogo.

Mwaka huu alipolazwa tena, kila alasiri aligonga ukingo wa kitanda kwa mguu, tiki-tiki-tiki, akamnyooshea binti yake kidole, kwamba sasa imba wewe. Binti aliimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, akanyamaza, na dada akafumbua jicho moja kama mtoto mtundu, akacheka bila sauti, akagonga tena, na binti akamwambia, "Hujalala, mama. Hujalala bado." Tarehe 9 Oktoba 2024, saa tisa alasiri, ubeti wa pili ukiwa katikati, mguu ulisimama. Binti alitoka mbio kuwaita wauguzi, na ubeti wa tatu haukuimbwa.

Tangu siku hiyo mwanetu hali, hasemi, isipokuwa kujilaumu kwamba alimnyima mama yake kitu cha mwisho alichokiomba. Mwanangu, mjomba wako nakwambia mbele ya watu wote hawa, hukumnyima. Wimbo una utaratibu wake, naye mwenyewe ndiye aliyeuweka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotupikia na kulala nasi chini sebuleni, watu wa redio, na wafanyakazi wenzake wa karakanani, ambao asubuhi hii, wengine wakitembelea mikongojo, wameisukuma cherehani yake hadi hapa kwa mkokoteni, kama walivyofanya ile mara ya kwanza.

Mimi nitakanyaga pedali, nikikosea mnisamehe, sikuwahi kuwa fundi. Nyinyi mtaimba ubeti wa kwanza na wa pili, mnaujua mwendo. Kisha sote tutanyamaza, tumwachie binti, kwa sababu sasa mama amelala.

Lala salama, dada yangu.