Maisha ya Seremala Dedan Kariuki, kutoka Burnt Forest hadi Pruitt Mill

Mchungaji wetu, mama yetu unayetufuata kwa simu kutoka Nakuru, ndugu na majirani mliofika hapa Cedar Hill leo Jumamosi, tarehe 25 Oktoba 2025, mimi ni Wangechi, dada mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake kama yalivyokuwa, bila kuyapamba.

Kaka yetu Dedan Kariuki Mwaura alizaliwa tarehe 14 Mei 1981 huko Burnt Forest, Uasin Gishu, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Mwaura na Mama Wairimu, akasoma shule ya msingi papo hapo nyumbani, akamaliza kidato cha nne mwaka 1999, kisha akajifunza useremala mjini Eldoret.

Asubuhi ya tarehe 1 Januari 2008, kundi la vijana wenye mapanga na petroli liliingia kwetu, likachoma nyumba ambayo Dedan alikuwa amemjengea baba, likamkata baba kichwani, na Dedan, mwenyewe akiwa amekatwa begani, akambeba mgongoni kilomita nne hadi kituo cha polisi, lakini baba akafariki siku ya tatu. Katika kambi ya waliofurushwa alikutana na Lydiah, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa akimfunga kidonda, wakaoana kanisani Nakuru tarehe 12 Desemba 2009, wakajaliwa Brandon mwaka 2010 na Fiona mwaka 2014.

Mwezi Agosti 2012 walihamia Irving, huku Texas, Marekani, Dedan akapakia mizigo uwanja wa ndege, baadaye akaajiriwa na mkandarasi wa kukarabati nyumba za zamani. Tarehe 9 Novemba 2019, mchana kweupe, watu wawili walimvamia kwenye ngazi za apatimenti, wakampiga kwa kitako cha bastola mpaka wakamvunja taya, Fiona akitazama. Akiwa bado amefungwa waya mdomoni, alimwandikia mkewe kwenye karatasi, "Lydiah, tutafute kwetu."

Wakapapata Pruitt Mill, mji mdogo kusini mwa hapa, uliojengwa kuzunguka kiwanda cha nguo za pamba kilichofungwa zamani, na tarehe 19 Machi 2021 wakakabidhiwa funguo za nyumba ya mbao iliyojengwa mwaka 1912 kwa ajili ya wafumaji. Nilitoka Pearland, ninakoishi, kwenda kuiona, nikakuta sakafu imeliwa na mchwa, nikamwambia, "Kaka, umenunua kuni," naye akacheka, "Rudi baada ya mwaka."

Wiki ya tatu baada ya wao kuhamia, mtu alirusha tofali dirishani wakiwa mezani, vioo vikampasua Lydiah juu ya jicho, na tofali lilikuwa limefungiwa karatasi ya kuwaambia waondoke. Sheria za mji haziruhusu kubadilisha madirisha yale ya kale, kwa hiyo Dedan alilitengeneza lile lile, kisha kesho yake akapita mlango kwa mlango akijitambulisha, na wa kwanza kumfungulia alikuwa jirani wa ubavuni, Merveille, mama Mkongomani mwenye watoto wawili, mfanyakazi wa ghala, ambaye yeye na Lydiah wakawa kama ndugu.

Jumamosi tarehe 4 Oktoba mwaka huu, saa nane mchana, Lydiah akiwa kazini, Merveille alikuja mbio na watoto wake, damu ikimtoka puani, akipiga kelele, "Papa Brandon, fungula, anakuya kuniua!" kwa maana mume aliyeachana naye alikuwa nyuma yake na bunduki. Dedan aliwaingiza, akawafungia bafuni pamoja na Fiona na Brandon, akamwambia Brandon, "Piga simu polisi, na usitoke," halafu akauegemea mlango. Yule mtu aliupiga mateke, ukakataa, akavunja dirisha akaingia, Dedan akampiga nyundo mkononi, akapigwa risasi mbili tumboni, akaanguka, na akiwa chini akamkumbatia miguu yote miwili, akapigwa kitako kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema mbele ya wanawe, asimwachie mpaka polisi walipofika. Muuaji yuko rumande akisubiri kesi, na walioingia bafuni walitoka wote wazima.

Dedan alilazwa siku kumi na moja Dallas, akafanyiwa upasuaji mara tatu, akafariki tarehe 15 Oktoba alfajiri, Lydiah akimshika mkono.

Sasa ndugu zangu, lipo jambo ambalo halikuandikwa na familia. Siku ile ya kifo, kwenye korido ya hospitali, nilimwambia Merveille, "Ungekimbilia kwingine kaka yangu angekuwa hai," naye akainama, na wifi yangu Lydiah, mwenye haki ya kulia kuliko mimi, akasimama kati yetu akasema, "Alikimbilia kwetu kwa sababu ni kwetu." Merveille, umekaa kiti cha mwisho nyuma, na mbele ya watu hawa wote nakuomba msamaha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, wafanyakazi wenzake waliokuja wenyewe kurudishia dirisha, kanisa, na majirani wa Pruitt Mill waliofika leo kwa mabasi mawili. Lydiah ameniagiza niwaambie kwamba nyumba haiuzwi.

Kaka, pumzika, kazi umeimaliza. Merveille, njoo na watoto ukae huku mbele na sisi, hatutambeba bila nyinyi.