Lita Tisini za Kwenda Jangwani

Pale Manundu, Korogwe, jirani na stendi, kuna benchi la mbao za bodi ya lori lililoanguka zamani, na juu yake hukaa watu wanaojua kila kitu isipokuwa wataondoka saa ngapi. Munira ndiye mwenye birika la kahawa na sinia la kashata. Ni yeye peke yake anayefanya kazi pale, ndiyo maana hakuna anayemwuliza maoni. Asubuhi hiyo Zaidi aliegesha Land Cruiser ya kampuni ya utalii kando ya mtaro, akaketi, akapokea kikombe bila hata neno moja la utani. Kwa dereva mwenye mdomo kama wake, hiyo ilikuwa ama homa, ama kesi.

— Shikamoo, mzee Rehani, alisema baada ya kikombe cha pili.

— Marahaba. Nilidhani leo tumekuwa mawe.

Mzee Rehani anaitwa Megawati. Alitunza stoo ya ufagio kwenye kituo cha umeme cha Hale, akastaafu, na alipofika nyumbani akajipandisha cheo kuwa mhandisi.

— Napelekwa jangwani, alisema Zaidi. Chalbi, huko juu Kenya. Wageni watatu. Mzunguko wa kilomita mia tisa na tisini, na njiani hamna sheli ya kuaminika hata moja.

— Hongera! alisema Mustafa, muuza dizeli ya madumu. Si ndiyo safari mliyokuwa mnagombea na dereva mwenzako Richard?

— Ndiyo. Bosi wetu, Madamu Janeth, ameshapiga hesabu ya mafuta. Tenki letu linachukua lita tisini. Kitabu changu cha safari kinasema lita moja, kilomita kumi na moja. Anasema tenki moja linatosha, madumu ya akiba ya nini? Nafasi ya madumu ataweka jokofu la wageni na meza ya kulia chakula.

— Tisini mara kumi na moja, alisema kijana Ezra wa bodaboda, akibonyeza simu. Mia tisa na tisini. Aisee! Imeingia kama ufunguo.

— Ndiyo maana silali, alisema Zaidi.

Hapo wote wakatazama chini, maana kila mmoja alijua kitabu hicho kilivyoandikwa. Miaka tisa Zaidi alikuwa akisimama hapo kijiweni, anamnyonyea Mustafa dumu moja la dizeli kutoka tenki la kampuni, halafu anaandika kilomita ambazo gari halikwenda ili mafuta yaonekane yametumika. Waya wa mita ya kilomita aliukata mwenyewe mwaka wa kwanza, akasema panya. Siku kampuni ilipoanza kumtuza dereva anayebana mafuta, tamaa ikamzidi, akaongeza kilomita nyingine juu ya zile za uongo. Wakampa cheti chenye picha yake, kikatundikwa ofisini. Korogwe nzima, yeye ndiye mwizi pekee aliyepigiwa makofi kwa hesabu za wizi wake.

— Mwambie tu unataka lita zaidi, alisema Mustafa, ambaye jina lake la kijiweni ni Funeli, na funeli yenyewe ilikuwa imelala mapajani mwake kama mjukuu.

— Nimemwambia! Akaniuliza sababu. Nimwambie nini? Kwamba kitabu nilikitunga? Natakiwa ofisini saa tano. Nikitia sahihi lita tisini, mafuta yatakatika katikati ya mchanga nikiwa na roho za watu. Nikikataa, anampa Richard gari hilihili na lita hizohizo. Jamani, naogopa. Nitafutieni sababu.

Kijiwe kikachangamka. Kutafuta sababu ndiyo fani yao.

— Hiyo ndogo sana, alisema Ezra, ambaye kijiweni wanamwita Satelaiti kwa vile haendi popote bila kuangalia ramani kwenye simu, na bado hupotea hapo jirani Mazinde. Mwambie jua la kule linakunywa dizeli. Gari limesimama, injini imezimwa, dizeli inapungua yenyewe. Nimesoma.

— Umesoma wapi? aliuliza Funeli.

— Kwenye simu, bana. Chaji iliisha kabla sijafika mwisho.

— Mtoto, mwambie mambo ya kitaalamu, alisema Megawati. Kule ni karibu na ikweta. Dunia pale inazunguka kwa kasi kuliko hapa kwetu. Gari likielekea mashariki linashindana na dunia nzima. Lazima lile mafuta mara mbili.

— Na likirudi magharibi? aliuliza Ezra.

— Likirudi linasukumwa. Lakini hiyo usimwambie.

Munira akacheka, akajifanya anapuliza mkaa. Zaidi hakucheka. Jasho lilikuwa linamtoka shingoni na jua lilikuwa bado halijapamba moto.

— Acheni masihara, alisema Funeli. Dawa ni kuzika. Linatangulia gari moja, linafukia dumu la lita ishirini kila baada ya kilomita mia. Zaidi anakuja nyuma, anafukua, anajaza, anasonga.

— Na hilo gari la kufukia linakunywa nini? aliuliza Zaidi.

— Nalo linafukiwa yake.

— Na nani?

— Na gari lililotangulia! Mbona mnakuwa wagumu hivyo?

— Hesabu iko sawa, alisema Megawati. Magari kama kumi na mawili hivi, tunamaliza.

— Au ngamia, alisema Satelaiti. Ngamia anabeba madumu manne, halafu nundu yenyewe ni mafuta. Gari likikwama kabisa...

— Ezra! alifoka Zaidi.

— Nawaza tu, kaka.

Wakati huo alikuwa amefika Loserian, mfugaji wa upande wa Mazingara, na dumu tupu mkononi. Alikuja kununua kwa Funeli dizeli ya pampu ya kisima cha kunyweshea ng'ombe. Alisalimia wote kwa adabu, akapokea kahawa kwa Munira, akasimama kusikiliza habari ya ngamia mpaka ikaisha.

— Mimi gari silijui, alisema. Najua pampu yangu. Lita moja inanywesha ng'ombe sitini, na wakija wa jirani naongeza nusu. Jua likiwa kali sana naongeza robo nyingine. Kwa hiyo naomba kuuliza, ndugu dereva. Gari lako lita moja linakwenda kilomita ngapi?

— Kumi na moja, alisema Satelaiti haraka, kwa mazoea.

— Hiyo ni ya kitabuni, alisema Megawati.

— Basi ya kweli ni ngapi?

Megawati akamtazama Funeli, mnunuzi. Funeli akamtazama Satelaiti. Satelaiti akaitazama simu. Gari hilo Zaidi alilijua mlio wake, harufu yake, gia inayokwama asubuhi na mlango unaohitaji kupigwa goti. Alitafuta kichwani namba moja ambayo hakuitunga mwenyewe. Hakuipata.

— Inaweza kuwa saba, alisema. Inaweza kuwa tano.

— Umeliendesha muda gani?

— Miaka tisa.

Loserian hakumcheka. Alishangaa, na mshangao ule ulimuuma Zaidi kuliko matusi yote ambayo angeweza kutukanwa.

— Miaka tisa, na hujui linakunywa kiasi gani, alisema Loserian polepole. Na hao wageni, wanajua kwamba hujui?

Funeli akajidai anakagua mfuniko wa dumu. Megawati akaomba kahawa, Munira akainamisha birika, yakatoka machicha.

Zaidi akainuka. Akamlipa Munira, akaweka ufunguo wa gari mfukoni, akashika njia ya ofisini kwa miguu.

— Oya, Zaidi! aliita Satelaiti. Unakwenda kumwambia sababu gani?

— Hiyo ya kweli, alijibu bila kugeuka. Ninyi mmezimaliza nyingine zote.