Barua Niliyoificha Chini ya Medali

Funga mlango, Mwas, uketi, na simu yako uizime, kwa sababu leo sitarudia neno. Waceke, binti yangu, yako iache irekodi, iweke hapa karibu na mto, maana sauti yangu mnaisikia ilivyo. Daktari aliwaambia pembeni kwamba figo zimekataa, mkadhani nimelala; nilisikia. Nitasema kwa Kiswahili, si Gikuyu, ili Hayat asikie kila kitu mwenyewe, pasiwe na mtu wa kumtafsiria na kumpunguzia makali. Hayat, mke wa mwanangu Githae, mama Rayan, sogeza kiti. Sogea zaidi. Umekuwa mke wa boma hili miaka mingi na sijawahi kukuambia usogee.

Msingoje maneno matamu kutoka kwangu. Nimekasirika, na hasira hii ndiyo imeniweka hai tangu Jumapili. Wale wa kanisa walipokuja jana kuniambia nisamehe niende kwa amani, niligeukia ukuta, kwa sababu hawakujua wanaongea na nani. Sikilizeni basi, na asiniingilie mtu.

Mnakumbuka Githae aliporudi kutoka Somalia, mwaka ule uchaguzi uliporudiwa. Alikuwa ameaga jeshi, amekuja na begi moja, na watu wa Witeithie wakaja kumsalimia, wakala mchele na mbuzi, wakamwita shujaa. Ndugu yenu akakaa kwenye kiti kinachotazama geti, mgongo ukutani, na kila pikipiki ikipita mkono wake unashuka upande wa kiuno kutafuta kitu ambacho hakikuwepo tena. Mwas, wewe ulicheka. Ulisema, "Huyu amezoea kulipwa kukaa." Nakumbuka uliposimama ukisema hivyo, na nakumbuka kwamba mimi pia nilicheka.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, lori la mchanga likapasuka tairi mbele ya vibanda vyetu vya barabarani. Rayan alikuwa na miaka minne, ameshika soda. Githae akamrukia yule mtoto, akamtupa mtaroni, akamlalia juu, na mkono wa mtoto ukavunjika. Watu wakaja mbio wakipiga kelele, "Anaua mtoto! Anaua mtoto!" Hayat, wewe ulikuwa sokoni Juja, hukuona. Mimi niliona. Alikuwa amemfunika kichwa kwa mikono yote miwili, naye anaita majina ya wanaume ambao hatuwajui, anawaambia walale chini. Alikuwa anamkinga mtoto wake. Katika umati ule wote, mtu mmoja tu alielewa anachokitazama, na mtu huyo ni mimi.

Nilielewaje? Nitawaambia, na marehemu mama yenu anisikie huko aliko. Nilitumika jeshini miaka ishirini na miwili. Kule kaskazini gari letu liliposhambuliwa, nilikaa chini yake tangu asubuhi hadi jioni pamoja na rafiki yangu aliyekuwa amekwisha kufa, na niliporudi nyumbani sikumwambia mtu yeyote. Mlikuwa wadogo. Mnakumbuka mama yenu alivyokuwa anaweka sufuria chini polepole, kama anaweka yai? Mlidhani ni adabu yake. Alikuwa ananiogopa. Kifuniko kikianguka nilikuwa naruka, na nikisharuka naona aibu, na nikishaona aibu nampiga. Pombe niliyokunywa miaka ile nikaiita starehe ya askari. Kwa hiyo msiniambie sikujua kilichompata Githae. Nilikijua kuliko daktari.

Na bado watu waliponigeukia pale barabarani, wakangoja mzee wa boma aseme, nilisema, "Mfungeni."

Mwas, wewe ulileta kamba ya ng'ombe. Usiangalie chini, niangalie mimi. Ulikaza fundo kwa goti. Na huyo mtu tuliyempelekea, anayejiita nabii, mwenye lile boma la maombi nyuma ya machimbo ya mawe, alimtia ndugu yako mnyororo mguuni wiki tisa, akamnyima chakula akiita mfungo, akamtembeza mbele ya watu siku za ibada aonyeshe pepo la vita linavyotetemeka. Akija kwenye mazishi yangu kuomba, mtoeni nje. Mkikosa nguvu ya kumtoa, ahirisheni mazishi.

Hayat, wewe ndiye ulianza kuzunguka. Rayan mgongoni, mkono wake ukiwa kwenye plasta, ukaenda kutafuta mahali ambapo mtu aliyeumia akili vitani anaweza kutibiwa. Nilikuona unatoka asubuhi na karatasi kwenye mfuko wa plastiki ili mvua isizilowanishe. Dirisha la kwanza wakakuambia ulete barua ya kikosi. La pili wakasema mgonjwa aje mwenyewe. Mgonjwa mwenyewe yuko kwenye mnyororo! La tatu wakakuambia hiyo si kazi yao, jaribu jengo la pili, na jengo la pili wakakurudisha la kwanza. Kuna kijana mmoja, tai shingoni, alikuuliza, "Kwani ulipoolewa na mwanajeshi ulitarajia nini?" Ulikuja ukamsimulia Waceke jikoni, mimi nikiwa sebuleni, nikasikia. Hasira yangu kwa kijana huyo haijapoa mpaka leo, lakini sina haki nayo. Yeye alikuwa hakujui. Mimi nilikuwa nakujua.

Kwa maana wakataka uthibitishe kwamba wewe ni mke. Ukaleta cheti cha nikaha kutoka msikiti wa Majengo, wakasema chifu athibitishe, chifu akaniita mimi, na mimi nikamwambia, "Huyo simtambui." Kwa sababu gani? Kwa sababu ya mtandio. Kwa sababu Githae alikwenda Thika mjini akarudi na msichana wa Kiislamu wakati mimi nilishamzungumzia binti wa rafiki yangu. Hiyo tu. Hakuna sababu nyingine niliyoificha, nimeitafuta miezi hii nikiwa kitandani, haipo.

Subirini. Waceke, nipe maji. Kidogo. Basi.

Sasa neno lenyewe. Chini ya kitanda hiki kuna sanduku la bati. Ndani yake kuna koti langu la jeshi, na ndani ya koti kuna kasha la medali. Waceke, lifungue. Toa medali, weka kando, haina kazi. Inua hicho kitambaa cha chini. Hiyo barua ndiyo nimewaitia.

Iliandikwa na kikosi cha Githae. Mwezi mzima kabla ya lile tairi kupasuka, kijana mmoja aliyetumika naye, anaitwa Kimeu, alisimamisha gari hapo barabarani, akaniamkia kwa heshima, akasema, "Mzee, hii mpe Githae mkononi, au mpe mke wake. Tafadhali usiiweke. Sisi wenzake tumeshakwenda na imetusaidia." Alirudia mara mbili. Nikamwambia, "Mimi ni sajini mstaafu, kijana, najua kupokea amri." Akacheka, akaondoka.

Nikaifungua. Imeandikwa siku ya kwenda, mahali, jina la daktari na namba ya simu. Imeandikwa kwamba askari aje na mke wake, wote wawili wataonwa bila malipo, na kwamba kukosa usingizi na kushtuka na kukasirika si udhaifu bali ni ugonjwa wenye dawa. Imeandikwa kwa Kiswahili rahisi kabisa. Nilisoma pale palipoandikwa "afya ya akili" nikahisi mtu amenitemea mate usoni. Mwanangu, mtoto wa mimi Gachau, aitwe mwendawazimu kwa barua yenye muhuri? Nikaikunja. Nikaiweka hapo mnapoiona.

Hayat, usitoke. Ukitaka kunitukana nitukane, ni haki yako, lakini usitoke kabla sijamaliza, kwa sababu bado sijasema lililo baya zaidi.

Siku moja ulirudi viatu vimekatika, ukakaa kwenye ile stuli, ukanipakulia githeri kwanza kabla hujala, halafu ukaniuliza. Ulisema, "Baba, samahani kukusumbua. Wameniuliza kama kikosi hakikuleta karatasi yoyote. Wanasema huwa wanaleta. Hakuna karatasi iliyoletwa hapa?" Nilikuwa na kijiko mkononi, chakula chako mdomoni. Sanduku lilikuwa hatua sita kutoka ulipoketi. Nikasema, "Hakuna." Na wewe ukasema, "Asante, Baba," ukaenda kufua.

Ulizunguka miezi kumi na minne. Githae alipofunguliwa baada ya zile wiki tisa, kidonda cha mnyororo kilikuwa kimeoza, na mguu ule anauburuta hadi leo. Mtu mzima aliyetoka vitani na miguu miwili mizima, akaja kulemazwa hapa nyumbani, kwa amri yangu, kilomita chache kutoka barabara kuu. Na mlipofika hatimaye kwa daktari, mkaambiwa, "Mngekuja mapema." Ulinisimulia maneno hayo ukiwa unalia. Mngekuja mapema. Nami nikakuambia pole.

Aliyekufikisha si mimi, wala si kaka yake, wala si kanisa langu. Ni askari wa mlangoni wa ofisi moja, aliyechoka kukuona ukirudi, akakuandikia namba kwenye kiganja na kusema, "Tafuta mama anaitwa Nakhumicha, yuko Kiuu." Mjane wa askari, anauza mitumba, na ana daftari ambalo ameandika kila mlango: nani yuko siku gani, nani anasikiliza, karatasi ipi inatangulia ipi. Najua neno alilokuambia, kwa sababu ulilirudia sana: "Kuanzia leo huendi peke yako." Akafunga kibanda chake, akaenda nawe. Wiki tatu, ikawa imekwisha. Kazi ya miezi kumi na minne, mwanamke asiyetujua akaifanya wiki tatu, kwa kutembea na wewe tu. Nilipomwona kwenye geti siku ile nilimchukia. Nilimchukia kwa sababu alikuwa anafanya kazi ya ile barua.

Leo Githae yuko Kalimoni, analima mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuza, analala usingizi, na Rayan anamsomea gazeti. Hajaja hapa tangu aondoke. Mwas anasema ana kiburi. Ukisema hivyo tena nikiwa hai nitaamka nikupige.

Sasa mali. Nimeshaiweka kwa wakili mjini Thika, nimeweka sahihi mbele ya mashahidi, Mwas, kwa hiyo usipoteze nguvu. Nyumba hii ni ya Waceke, aliyenihudumia. Mwas, wewe chukua vibanda viwili vya pembeni. Robo eka ya Kalimoni ni ya Githae na Hayat, kwa jina la wote wawili, na kwenye karatasi imeandikwa "mke wake". Kile kibanda cha katikati, kikubwa, si cha mtu. Ni cha Hayat na Nakhumicha kukaa pamoja na wale wake wa askari wanaokutana Kiuu kwa kuazima darasa la chekechea. Pale Witeithie kila gari linasimama, hakuna atakayepotea. Wekeni meza, benchi na jiko la chai. Andikeni nje kwa herufi kubwa: hapa utaambiwa pa kwenda, na utasindikizwa. Akija askari, akija mke, akija mama anayemtafutia mwanawe, msimuulize cheo, msimuulize dini, na mtu asithubutu kumwambia mngekuja mapema. Mpeni chai, fungueni daftari, mmoja wenu avae viatu aende naye. Na ule mlango wa chuma unaogonga, Mwas, uuondoe kwa pesa yako mwenyewe, uweke wa mbao. Ndiyo, wewe. Na siku utakayoamua kwenda Kalimoni kumwomba ndugu yako msamaha, nenda kwa miguu, ukifika piga hodi kwa sauti ukiwa bado mbali, asishtuke.

Aca, hapana, Waceke, usinilaze. Niache hivi hivi.

Mazishi. Wenzangu wa zamani wasije na tarumbeta, na mtu asilipue chochote. Githae asilazimishwe kuja. Kile kijitabu cha maisha ya marehemu, mtaandika nilizaliwa lini, nilitumika wapi, halafu mtaandika: alificha barua iliyoletwa kumtibu mwanawe, akamdanganya mke wa mwanawe. Mtaandika hivyo hivyo. Waceke utakisoma, na ukifika hapo usiharakishe. Najua ni aibu kwa boma. Lakini mazishi ya askari hujaa wazee kama mimi, na mmoja wao ana barua kama hiyo ndani ya kabati, na mwingine ana mtoto anayekaa kutazama geti, na atakaposikia lazima... lazima awashe gari aende nyumbani. Mwas, apa. Sema nasikia. Sema tena.

Nimechoka.

Waceke, inamisha kichwa. Ngai, Mungu wetu, akupe nyumba isiyo na hofu. Mwas... wewe pia. Njoo. Ngai akulainishe. Inatosha.

Hayat. Sikuombi unisamehe, sijafika hapo, wala siku hazitoshi. Nakuomba unibebee kitu. Kwetu baba akibariki hutema mate kidogo. Githae hayupo, na mimi sitafika Kalimoni. Nitatema kwenye mikono yako, nawe... ukitaka... umpake kifuani. Ukikataa, ondoka tu, sitakuita.

...

Umeleta viganja. Vyote viwili.

Thaai, amani, mwanangu Githae. Ulimkinga mtoto. Niliona. Thaai.

Sasa nenda... magari yapo. Hayat... usinawe. Mpaka... Kalimoni. Usinawe.