Kwa Kitabu Hicho Mungu Hajibu

Asubuhi hiyo Kathini alikuwa ameanika vitabu vilivyoloweshwa na mafuriko. Baba yake alikuwa ameiacha familia kwa matope akahama, asipige simu tena. Kwa foleni ya basi pale Kayole, akasikia mama mmoja akimfokea mzee aliyeshika Biblia.

"Nyumba imebebwa na maji, na unaniambia nishukuru?"

"Hapana, mama. Soma Maombolezo. Yerusalemu ilichomwa, watu wake wakamuuliza Mungu mbona amewasahau."

"Akawajibu nini?"

Mzee akapekua mpaka mwisho, kama mtu aliyepoteza funguo. "Kwa hicho kitabu hajibu."

"Ala! Na bado mnakisoma?"

"Mtu humlaumu yule bado anamngoja."

"Basi mwambie namngoja nikiwa kwa matope!"

Basi likafika, wakapanda wakibishana. Kathini akamwandikia babake kwa WhatsApp: "Baba, mbona umetusahau?"

Kufika Umoja, tiki zilikuwa bluu, ameshasoma. Jibu hakuna.