Gauni Lililofukizwa Kahawa

Mvua za kwanza zilikuwa zimeleta nondo kwa maelfu, na asubuhi hiyo waliufunika ukuta wa duka la cherehani hata ungedhani umeota manyoya. Chini ya ukuta ndipo lilipo benchi, na kwenye benchi ndipo walipo mabingwa wa kila kitu. Mama Pindo, mwenye duka, alisimama mlangoni na kopo la sumu mkononi. Ndani kulikuwa na gauni la harusi la binti wa kaka yake, na binti mwenyewe alikuwa njiani kulichukua.

— Usipulize, Mama Pindo, alisema Birika, muuza kahawa. Vikombe viko wazi.

— Wakilitoboa gauni, nitamtazama vipi kaka yangu?

— Na watalitoboa, alisema Profesa, fundi redio. Hawa wanachagua. Nyeupe kwanza.

— Umesoma wapi? aliuliza Mama Pindo.

— Shemeji yangu walimla suruali nzima. Ukabaki mkanda.

— Shemeji yako alipoteza suruali kwa sababu nyingine, na mtaa mzima unaijua.

Birika akacheka, kisha akatoa yake.

— Dawa yao moshi wa kahawa. Wakiunusa wanasahau kilichowaleta.

— Kama wewe unavyosahau sukari yangu, alisema Profesa.

Siku nyingine Mama Pindo angewapuuza. Siku hiyo alilitoa gauni, wakalitundika juu ya jiko, Birika akikaanga kahawa, Profesa akipepea kwa gazeti, uso ameukaza kama daktari.

Bibi harusi akatokea. Akanusa.

— Shikamoo, shangazi. Gauni langu limehamia jikoni?

— Marahaba, mwanangu. Tunaliokoa. Nondo wangelila.

— Kwani nani amewaona wakila?

Birika akamtazama Profesa. Profesa akalitazama jiko. Wiki nzima wamekaa hapo, wamewaona mbayuwayu wakiondoka ukutani midomo imejaa, wakilisha makinda chini ya paa. Wamemwona mjusi aliyenenepa hata kukimbia ameacha. Kila mtu alikuwa akiwala nondo. Nondo wenyewe hawakula hata jani.

Mama Pindo alilikagua gauni pindo kwa pindo. Hakuna tundu. Juu, makinda walikuwa wakidai chakula. Akalirudisha kopo chini ya meza.

— Lakini linanuka, mwanangu. Nilianike?

Bibi harusi alizamisha pua kwenye lesi, akaanza kucheka.

— Liache hivyo hivyo, shangazi. Yule mchumba wangu haelewi neno kabla hajanusa kahawa. Kesho atanisikiliza kuanzia mlangoni.