Mama Pindo na Chupa Alizozibakiza

Wengi mnaolia hapa leo mmevaa kazi ya mkono wa marehemu, kwa hiyo mnamjua kuliko karatasi hii. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa nne wa mlinzi wa kiwanda hicho.

Shule alianza mwaka 1968. Alikuwa hodari wa hesabu na mwepesi wa kurefuka, na hilo la pili ndilo lililomponza. Darasa la tano gauni lake lilipanda juu ya magoti, mwalimu akamrudisha nyumbani mbele ya wenzake. Mama yake aliligeuza ndani nje akitafuta pindo la kushusha. Halikuwepo, fundi alikuwa amebania kitambaa. Marehemu alikaa nyumbani muhula mzima, na aliporudi alikuwa ameshajua anataka kuwa nani. Alimaliza la saba, akajifunza kushona.

Kuanzia 1979 hadi mwaka jana alishona sare za shule kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi, kati ya mabomba na mifuko ya saruji. Kila sketi aliiachia pindo la kiganja kizima, ndiyo maana jina lake la kuzaliwa lilisahaulika, akabaki Mama Pindo. Watoto walilalamika kwamba ukikimbia, sketi zake zinakukimbiza. Yeye aliwaambia wazazi kwamba mtoto hukua, mfuko haukui. Na nyumbani alikuwa hivyo hivyo: sahani za wageni, shuka jipya la siku maalumu, sabuni ya kunukia iliyokaa kabatini mpaka ikaisha harufu. Kila kizuri kilikuwa na siku yake, na siku hiyo haikuwahi kuwa leo.

Mwoka mikate wa mtaa wa pili alimletea suruali aikate. Hakuikata, aliikunja ndani. Mwoka mikate akarudi kulalamika, akarudi na nyingine, mwishowe suruali zikamwishia, akaja mikono mitupu. Hapo ndipo alipokubaliwa. Walifunga ndoa tarehe 3 Septemba 1983. Suruali ile bado ina pindo.

Mwaka 2021 alipatikana na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, akarudi kwenye cherehani yake. Mwaka jana ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Vidonge vya maumivu vilishindwa, vya nguvu zaidi vikashindwa, ndipo muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani akamletea mofini ya maji, na bomba la kupimia. Alieleza taratibu: anywe kila baada ya saa nne, aumwe asiumwe, kwa sababu dawa hii hutangulia maumivu, haiyafukuzii. Haichoki kwa kutumiwa. Maumivu yakizidi, kipimo huongezwa. Anayeinywa kwa maumivu hageuki mlevi wake. Na chupa ikikaribia kuisha, italetwa nyingine.

Marehemu alimsikiliza kwa adabu, kama alivyomsikiliza mteja asiyejua kitambaa. Muuguzi alipotoka, alipima nusu, akafunga kizibo. Tena hata hiyo nusu aliinywa pale tu alipokuwa ameshindwa kabisa, kwa hiyo kila mara dawa iliyakuta maumivu yameshakaa kitako. Mpwa wake aliyeacha chuo katikati alimsihi anywe kipimo kizima. Akajibiwa kwamba aliyesoma nusu huaminiwa nusu. Watu wakacheka. Naye alicheka, kisha akashika nyonga.

Mumewe alikuwa na ombi moja tu, walale ameshikwa mkono na mkewe kama zamani. Haikuwezekana. Godoro likitikisika kidogo, marehemu alipiga yowe, basi mzee akahamia kwenye kiti. Siku moja alimbembeleza mbele ya muuguzi anywe kipimo chote.

"Nikiimaliza leo, baba, siku ikiuma kweli nitashika nini?"

Muuguzi aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama. "Mama, siku yenyewe ndiyo hii."

"Bado," alisema marehemu.

Alifariki Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa tatu asubuhi, chumbani kwake. Mumewe alikuwa kwenye kiti. Mtasikia watu wakisema alivumilia. Waliokuwa chumba cha pili hawalitumii neno hilo. Kwenye droo ya cherehani, chini ya vipande vya vitambaa, zilikutwa chupa mbili ambazo hazijafunguliwa, na ya tatu ina zaidi ya nusu. Tusidanganyane mbele yake. Wako wanaokufa wakiililia dawa hii wasiipate. Yeye alikuwa nayo, umbali wa mkono. Muuguzi alipokuja kuzichukua chupa hizo, alikaa kwenye kigoda cha fundi, akazihesabu moja moja.

Gauni alilovikwa leo alilishona mwenyewe. Lina pindo la kiganja kizima. Hatujui alitarajia kurefukia wapi.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, mpwa mwenye mdomo, na sketi moja ya shule ambayo bado imebanwa chini ya sindano. Apumzike kwa amani yote. Safari hii asibakize.